Daraja Lililonitupa Kijitoni Mbele ya Mgeni Rasmi

Wahusika wa tukio hili ni watatu, nami nitawataja kwa vyeo vyao kabla sijaeleza lolote, ili msomaji asije akadhani kwamba mtu aliyeonekana ndani ya maji siku ile ndiye aliyekuwa chanzo cha mambo. Wa kwanza ni Mwenyekiti wa Kamati ya Mashindano ya Ufundi kwa Shule za Msingi, aliyetunga kanuni ya kupima madaraja bila kuuliza madaraja yenyewe yamejengwa kwa kazi gani. Wa pili ni dereva wa lori lililobeba mifuko ya mchanga ya kupimia, ambaye aliifikisha Mlali salama salimini wakati Kamati nzima ilikuwa inaisubiri milimani, juu ya Matombo. Wa tatu ni mtani wangu, Mwalimu Perpetua, ambaye tangu nimfahamu alikuwa hajapata kunieleza jambo la kweli, na siku alipoamua kunieleza alichagua siku ile. Mimi nilikuwa Katibu. Aibu ilinipata mimi, hilo silikatai (wapo watu pale Morogoro mjini ambao mpaka leo wakinikuta dukani huniuliza kama nimekwisha kukauka), lakini aibu na wajibu ni vitu viwili mbalimbali, nami nimekaa katika utumishi wa umma muda wa kutosha kuvitenganisha.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Katika miaka ile ya vijiji vya ujamaa, Elimu ya Kujitegemea ilipokuwa inahimizwa kila mahali, shule ziliagizwa kubuni kitu cha kutatua shida ya kijiji chao kwa vifaa vinavyopatikana palepale. Zamu hiyo kitu chenyewe kilikuwa daraja, na vifaa vilivyoruhusiwa vilikuwa mianzi, magogo, kamba za migomba, mawe na udongo, basi. Msumari ulikuwa marufuku. Shule mbili zilifika hatua ya mwisho, moja ya bondeni na moja ya mlimani, zote zikajenga juu ya kijito kimoja kinachopita chini ya bustani ya mboga ya shule ya mlimani. Zawadi ilikuwa mabati ya kuezekea darasa. Shule ya bondeni ilikuwa na mabati tayari. Shule ya mlimani ilikuwa na nyasi, na yeyote anayeijua mvua ya Uluguru ataelewa kwa nini watoto wa darasa la saba walikuwa wanasoma huku wameficha madaftari ndani ya mashati.

Sasa ni lazima nieleze habari ya utani, maana bila hiyo mtu ataniona mjinga. Mimi ni Mnyamwezi, na Waluguru ni watani zetu tangu enzi za misafara ya babu zetu waliopita huko wakielekea pwani na mizigo kichwani. Mtani husema atakalo na wewe huna ruhusa ya kununa. Basi asubuhi ile, nilipoteremka kwenye Landrova nikiwa na suti yangu mpya ya kijivu ya mikono mifupi, Mwalimu Perpetua, aliyefundisha shule ile ya mlimani, alinipokea kwa sauti iliyofika ng'ambo ya pili ya bonde.

"Karibu mtani! Mzigo wako uko wapi leo? Au siku hizi Wanyamwezi mnabebwa ninyi?"

"Nimekuja kuwahesabu Waluguru," nikamjibu. "Nimesikia mmebaki wachache, wengine mmeteleza huko juu kwa maganda ya ndizi."

Watu wakacheka, nami nikaona siku imeanza vizuri. Akanikaribisha kiti, nilipotaka kuketi akasema, "Hicho usikalie mtani, mguu umeoza," nikakikalia, kikawa kizima. Akaniletea uji, akasema, "Pole pole mtani, huo tumeukoroga kwa maji ya kuoshea maiti wenu," nikaunywa, ulikuwa mtamu. Nilipouliza njia ya kwenda msalani aliniambia kuna chui. (Hapakuwa na chui. Palikuwa na kuku.) Nataja mambo haya madogo kwa makusudi, ili ijulikane kwamba kufikia saa ya kupima madaraja nilikuwa na ushahidi wa kutosha kuhusu thamani ya maonyo ya mwalimu huyu.

Mgeni rasmi kutoka mkoani alifika, ngoma ikapigwa, tukateremka kijitoni, na ndipo ilipofahamika kwamba mifuko ya mchanga haipo. Mwenyekiti akageuka akanitazama kana kwamba mimi ndimi niliyekuwa nyuma ya usukani wa lori.

"Ndugu Katibu, tutapima kwa nini?"

Kuwasimamisha watoto juu ya madaraja yasiyojulikana uimara wake haikuwa busara. Kumsimamisha mgeni rasmi haikuwa adabu. Nikajitazama, nikaona mwili wangu (wakati huo mke wangu alikuwa anapika vizuri kupita kiasi) unalingana kabisa na mifuko iliyokosekana, nikasema kwa sauti ya utumishi, "Ndugu Mwenyekiti, Katibu atapita." Huo ndio uamuzi wenyewe. Hata leo naurudia kichwani sioni mahali palipokosewa.

Daraja la shule ya bondeni lilikuwa magogo manne yaliyolazwa sambamba na kufungwa kamba. Nikapita, nikarudi, watu wakapiga makofi kwa heshima. La shule ya mlimani lilikuwa jembamba, la mianzi iliyosukwa kama jamvi, limetulia juu ya nguzo za mawe, na kwa kweli lilipendeza macho. Nikaweka mguu wa kwanza.

"Mtani!" Mwalimu Perpetua akapaza sauti. "Rudi! Hilo linaangusha nguruwe!"

Kicheko kilichofuata kilimfanya hata mgeni rasmi ashike tumbo. Nikasimama, nikaona siwezi kuondoka pale bila kujibu.

"Mbona wewe nimekuona ukipita asubuhi na hukuanguka?"

"Mimi nilichomeka kigingi, mtani! Nasema kweli, chomeka kigingi kwanza!"

"Kigingi kafungie mbuzi wako," nikasema, nikaendelea, na watu wakazidi kucheka, naye alikuwa anapunga mikono yote miwili na kanga imemdondoka begani, nikajisemea moyoni kwamba hakika Waluguru wanajua kuigiza.

Nilipofika katikati, jamvi lilipinduka. Sikuvunja kitu chochote, naomba hilo liwekwe wazi. Sikusikia mlio wa mwanzi kukatika. Lilipinduka tu, taratibu, kama mtu anayegeuza chapati, nami nikawa chini ya maji ya baridi, kisha juu ya maji, kisha chini tena, na jamvi likarudi mahali pake kana kwamba halikuona kitu. Hapo mtu mmoja akaanza kupiga debe. Wanafunzi wote wa shule ya mlimani wakatimua mbio hadi ukingoni wakipiga kelele, "Ameingia! Ameingia!" huku wakikumbatiana, na sikuelewa, na nikiwa nimejaa matope masikioni nilizidi kutoelewa, kwa nini watoto wanaoshindwa wanashangilia, na kwa nini watoto wa shule iliyokuwa inashinda wamenyamaza.

Nikatolewa. Wanawake wakanifunga kanga, moja kiunoni na moja mabegani. Mgeni rasmi akamwuliza Mwenyekiti, Mwenyekiti akasema kanuni iko wazi, daraja lililoanguka limeshindwa. Mwalimu Perpetua akaja mbio kueleza, lakini Mwenyekiti akamkatiza, "Mwalimu, utani umetosha." Na kwa kuwa kutangaza matokeo ilikuwa kazi ya Katibu, nikasimama mbele ya umati nikiwa na kanga mbili na kiatu kimoja, nikatangaza nilichoagizwa kutangaza: mabati yanakwenda bondeni.

Kelele zilikatika. Kisha msichana mmoja wa darasa la saba, Klementina, yeye ndiye aliyekuwa anapiga debe, akanijia nilipokuwa napanda Landrova.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Shida ya kijiji chetu ni nguruwe pori. Wanavuka usiku wanakula mboga zote. Mtu akitaka kupita anachomeka kigingi, jamvi linakaza. Nguruwe hajui kuchomeka, kwa hiyo anaanguka, debe linapigwa, watu wanatoka." Akanitazama kuanzia kanga ya juu hadi ile ya chini. "Sasa mzee, nguruwe akianguka, daraja limekosea nini?"

Dereva akawasha gari. Nilipoinua hoja hiyo katika kikao kilichofuata, wajumbe walicheka hadi Mwenyekiti akagonga meza, na aliyegongewa meza nilikuwa mimi. Tangu hapo sijakanyaga daraja lolote, hata la saruji, kabla sijauliza limejengwa kwa ajili ya nani. Na mtani akinionya husimama nikafikiri, jambo ambalo watani wangu wamelifahamu na wanalitumia vibaya.

Kwa hiyo ninadai, rasmi, kwamba Mwenyekiti wa Kamati ile, ambaye yu hai na ana afya njema, asimame mbele ya wanakijiji wale na aeleze kwa nini aliwanyima mabati. Atamke kwamba daraja la shule ya mlimani halikushindwa, bali lilifanya mbele ya mgeni rasmi kazi ileile liliyobuniwa kuifanya. Mabati yatolewe, hata kama paa lile limekwisha kuezekwa kwa jasho la wanakijiji wenyewe. Na ikiwa, ili kuliweka jambo hili sawa, italazimu kumbukumbu za Kamati zimtaje Katibu wake katika nafasi ya nguruwe, basi Katibu ametafakari kwa kina, na hana pingamizi.