Betri ya Fensi

Sauti ile niliisikia tena wiki iliyopita pale Voi, kwenye kibanda cha fundi wa simu na kompyuta. Tik. Kimya. Tik. Kimya. Fundi alikuwa ameichomeka kwenye kompyuta ile hadi diski kuukuu, kisanduku cha kuhifadhia kumbukumbu, niliyomletea. Akaisogeza sikioni, akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Sista, hii imeenda," akaniambia. "Hiyo sauti ni kichwa chake kinatafuta mahali pa kusoma, hakipati. Kinarudi, kinatafuta tena. Itafanya hivyo tu mpaka uichomoe."

Nikamwomba aichomoe. Niliifunga tena ndani ya leso niliyokuja nayo, nikatoka nje nikakaa juani na soda ambayo sikuinywa. Wewe unanijua, mimi si mtu wa kuogopa ovyo. Sauti hiyo lakini naiogopa, na leo nitakueleza ilikotoka.

Mimi nililelewa na nyanya kijijini Rukanga, chini ya mlima Kasigau, kwa sababu mama alikuwa akifanya kazi Mombasa. Asubuhi ukungu ulishuka mlimani hadi kwenye mapaa, na ndani ya ukungu ule ungesikia kwale wakigombana na nyanya akikwangua sufuria ya kimanga cha jana, muhogo uliopondwa na maharage, ili atupashie moto. Kilikuwa na ganda lililoungua chini, na ganda hilo lilikuwa langu. Kazi yangu ilikuwa kufagia uwanja, kufungulia kuku, kisha kwenda kupanga foleni ya maji bombani, maana bomba lilikuwa moja na watu tulikuwa wengi. Nikikumbuka harufu ya mchanga mwekundu ukipigwa na maji yaliyomwagika mtungini, moyo wangu unalainika hata leo.

Ila nyuma ya shamba letu kulikuwa na pori, na porini kulikuwa na tembo. Sisemi hivyo kwa madoido kama wanavyosema watalii. Tembo walikuwa majirani wabaya tuliowajua kwa nyayo zao. Ndiyo sababu wenye mashamba ya upande ule waliletewa fensi ya stima: waya zilizozunguka mashamba yote, na kwenye kona ya shamba letu sanduku la chuma lenye betri, paneli ya jua juu yake, na kifaa kilichosukuma stima kwenye waya. Kifaa hicho kiligonga mchana na usiku. Tik, tik, tik. Ufunguo wa sanduku aliachiwa nyanya, kwa kuwa hakuna aliyeaminiwa kumshinda, naye aliufunga kwenye pindo la leso yake.

Masikio ya nyanya yalikuwa yameanza kumwacha. Kwa hiyo kila jioni, tukishafungia kuku, aliniuliza, "Inagonga?" Nami nilisimama mlangoni, nikabana pumzi, nikasikiliza. "Inagonga, nyanya." Hapo ndipo alipowasha taa. Sikumbuki hata jioni moja aliyowasha taa kabla sijamjibu.

Sasa, nyanya alikuwa na kitinda mimba wake, mjomba wangu, ambaye watoto wote wa kijiji walikuja kumwita Anko. Aliondoka nikiwa mdogo, akaenda Voi kwenye kazi za reli, na kazi zilipoisha hakurudi. Tulisikia yuko Mombasa, anakunywa, analala kwenye baraza za maduka. Nyanya alimwombea kwa jina kila usiku, kwa sauti nzito kiasi kwamba mimi nilidhani ni marehemu. Kisha siku moja akaingia uwanjani na begi mgongoni, amekonda, anatetemeka vidole. Ndani ya begi, imeviringishwa kwenye sweta, mlikuwa na mashine ya gemu.

Mashine yenyewe ilikuwa mbovu. Jicho lake la kusomea CD lilikufa kwa vumbi la Voi. Anko, ambaye huko alikuwa amekaa na mafundi, aliipa njia nyingine: kwenye kadi ya memori alipachika programu ambayo haikutoka kiwandani, ilitengenezwa na vijana fulani wa mtandaoni wasiojulikana hata nchi zao. Ukiwasha, badala ya mashine kulilia CD, ilileta orodha ya gemu, na gemu zote zilikaa ndani ya hadi diski iliyochomekwa pale mbele kwa waya wa USB. "Jicho limekufa, lakini kumbukumbu iko hapa," alituambia akiipigapiga ile diski. Sisi tulimwona mchawi, na nakuambia kweli, mimi kidogo nilimwogopa.

Alikuwa na masharti yake. Gemu lazima zipangwe kwenye diski kwa foleni moja isiyokatika. Ukifuta moja katikati ukachomeka nyingine, vipande vinatawanyika, na mpira unaganda mchezaji akiwa na mguu hewani. Ikitokea hivyo ilimbidi aende hadi cyber, duka la intaneti, kule Voi, afute zote na kuzipanga upya. Tena ile njia ya USB ilikuwa ya polepole, kwa hiyo mtangazaji wa mpira alikuwa na kigugumizi: "Go-go-go-goli!" Watoto wa Rukanga mpaka leo wakifunga goli hushangilia kwa kigugumizi, na wadogo hawajui walikorithi.

Nyanya ndiye aliyeweka kiingilio. Hakuna kucheza bila mtungi wa maji. Kila mtoto aliyekuja alimimina maji kwenye pipa la nyanya kwanza, ndipo akaingia. Kwa mara ya kwanza maishani sikupanga foleni bombani. Pipa lilijaa pomoni, mbuzi walikunywa, hata mboga za nyuma ya jiko zilimwagiliwa. Na Anko aliacha kunywa. Alikaa kwenye kigoda kati ya watoto, anaamua ugomvi, anacheka, vidole vyake vimetulia. Nyanya alikuwa akichambua kunde mlangoni, haoni wala hasikii cha maana kwenye televisheni ndogo ya betri tuliyochezea, anamtazama mwanawe tu. Mwalimu alipokuja kulalamika kwamba hatusomi, nyanya alimpa chai na maneno mawili: "Akicheza, anakaa."

Basi ujue hapo tulipokuwa. Shida ya nyanya haikuwa gemu. Alitaka mtoto wake asirudi kulala barazani.

Stima ya kijiji haikuwa imetufikia. Anko alitumia betri kuukuu ya gari iliyochajiwa na paneli ndogo juu ya paa. Ukaja msimu wa mawingu, jua likawa la kuazima, na betri ikaanza kuchoka. Mashine iliwaka, televisheni ikawaka, lakini diski haikupata nguvu ya kuzunguka. Tik, ikasema. Kimya. Tik. Orodha ya gemu ikaja tupu. Watoto walikaa kidogo, wakachukua mitungi yao, wakaenda. Siku ya tatu yake niliona vidole vya Anko vimeanza tena kutetemeka. Nyanya aliviona kabla yangu.

Nilikuwepo Anko alipoomba. Nyanya alikuwa anapepeta mahindi, naye akachuchumaa mbele yake kama mtoto.

"Mama, nipe ufunguo kidogo tu. Mchana tembo hawaji. Nitairudisha betri kabla jua halijashuka."

Nyanya alipepeta mpaka ungo ukawa safi. Kisha akafungua pindo la leso kwa meno, akamwekea ufunguo kiganjani, akakifunga kiganja chenyewe kwa mikono yake miwili.

Na kweli aliirudisha. Kila jioni aliirudisha. Lakini betri ile ilinyonywa saa zile zile ambazo ilipaswa kunywa jua, na hilo hakulihesabu, au alilihesabu akalinyamazia. Jioni ya kwanza nyanya aliniuliza, "Inagonga?" nikasema inagonga. Baada ya siku chache nikasikiliza, nikapata tik, nikangoja, nikangoja, ndipo ikaja nyingine.

"Inagonga, nyanya, lakini polepole."

Alinitazama. Ndani, Anko alikuwa anawaimbia watoto wimbo wa kipuuzi huku akikunja waya. Nyanya akageuza uso kwake, kisha akawasha taa. "Inagonga," akasema mwenyewe. Tangu jioni ile hakuniuliza tena. Nililala nimejifunika kichwa, nikihesabu kimya kilicho kati ya tik na tik, na kila usiku kilikuwa kirefu kuliko cha jana.

Jirani alikuja asubuhi moja. Huyu alikuwa mzee mpole ambaye shamba lake linapakana na letu, na mahindi yake mwaka ule yalikuwa mazuri kuliko yote. Akatuonyesha nyayo. Zilikuja hadi kwenye waya, zikasimama, zikarudi. Kesho yake tena. Tembo mmoja mkubwa, na mahali aliposimama udongo ulikuwa umekanyagwa sana.

"Huyu anapima," jirani akasema. "Anagusa kwa pembe, anasikiliza. Mama, ile betri iko sawa?"

"Iko," akasema nyanya. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akidanganya.

Siku yenyewe ilikuwa ya mawingu mazito, ndiyo ya fainali. Anko alikuwa ameandaa mashindano, na chumba kilijaa watoto mpaka dirishani. Jambo ninalolikumbuka zaidi ni jinsi mashine ilivyoenda vizuri. Betri ya fensi ilikuwa chini ya meza. Diski ilizunguka laini, haikutoa hata tik moja, na hata mtangazaji alipunguza kigugumizi. Hatujawahi kucheza vizuri vile. Jua lilikuwa bado halijashuka, ila kwa wingu lile nani angejua limefika wapi? Nyanya alinituma kuni nyuma ya nyumba.

Nilisimama pale na kuni mkononi, nikahisi kuna kitu kimepungua. Sikusikia sanduku. Kwale hawakulia. Nilisikia kelele za watoto ndani, na upande mwingine, mvunjiko wa mabua, taratibu, kama mtu anayekula bila haraka. Nilipoinua macho, mahindi ya jirani yalikuwa yanasogea, na juu ya mahindi kulikuwa na migongo.

Sitakuchosha na mayowe. Tulipiga masufuria, mabati, kila kitu. Anko alikimbia akibeba ile betri kifuani kuelekea kwenye sanduku, maskini, kana kwamba kuirudisha wakati ule kungewatoa waliokwisha kuingia. Jirani naye alikimbilia mahindi yake, akageukiwa, akaruka mtaro, akavunjika nyonga. Hakufa mtu. Lakini jirani hakutembea tena bila gongo, na mahindi ya upande wetu wote yalilala chini kabla giza halijaingia.

Kesho yake watu walikusanyika uwanjani kwetu. Anko alifungua mdomo, nyanya akamtangulia. "Ufunguo nilitoa mimi," alisema. "Nilijua. Mniulize mimi." Hakuna aliyemuuliza kitu. Watu walitazama chini, wakalibeba sanduku, wakalipeleka kwenye shamba lingine. Nyanya alisimama akitazama linavyoondoka, na mkono wake ukipapasa pindo la leso ambalo halikuwa na kitu tena. Nilimwonea uchungu ambao haujaniisha.

Asubuhi iliyofuata Anko hakuwepo. Begi halikuwepo, mashine haikuwepo. Pipa la maji lilikuwa limejaa hadi ukingoni, na uwanjani palikuwa na nyayo zake tu, kwenda na kurudi bombani. Juu ya kigoda aliacha ile hadi diski. Aliisahau au aliiacha makusudi, sijui. Nyanya ndiye aliyejua. "Mashine bila hiki si kitu," alisema, akaifunga kwenye leso. "Atakirudia." Hiyo ni miaka mingi sasa. Jirani ameshazikwa. Stima imefika Rukanga, watoto wanacheza gemu kwenye simu, kila mmoja peke yake, na hakuna anayemletea mtu maji. Hata nikilala kwetu usiku nakosa ile tik ya fensi, maana sanduku liko mbali, na usingizi unanipaa.

Mwezi huu nyanya, ambaye sasa haamki kitandani, aliniita akanipa lile furushi. "Peleka Voi kikatazamwe," alisema. "Nataka akija akikute kizima."

Basi nikarudi nacho kutoka kwa fundi. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilipofika aliniashiria tu kwa mkono, nikakaa kando ya kitanda, nikafungua laptopu, nikaichomeka. Tik. Kimya. Tik. Nyanya hasikii kabisa siku hizi. Alinyoosha kiganja, akakiweka juu ya diski, akafumba macho. Nilimwona akiingoja ile ya kwanza, kisha ya pili, na uso wake wote ukafunguka.

"Kizima," akasema. "Mwambie mjomba wako, kitu chake kizima."

Nikamwambia nitamwambia. Hakuondoa mkono, nami sikuichomoa. Tulikaa hivyo mpaka betri ikaisha.