Shati la Mjomba Mbele ya Watani

Ilianza Ijumaa, saa nane na robo mchana, kipindi cha mwisho, kidato cha tatu kule Masasi. Mwalimu wetu wa hesabu, kijana wa Kijapani aliyekuja kujitolea, alimaliza somo la logi mapema, tukamwomba hadithi ya kwao. Akatuambia habari za mama mmoja wa nchini mwao anayeandika riwaya za mauaji.

"Si ya kubuni," alisema kwa Kiswahili chake cha kukatakata. "Mtu ameuawa kweli. Yeye anaenda pale."

Mtaani kwao muuza tambi aliuawa. Yule mama akaja, akapanga chumba, akakaa mwaka mzima akiulizauliza. Marehemu alikula nini asubuhi ile. Alifungaje kamba za viatu.

"Viatu vya nini tena, mwalimu?" wavulana wa nyuma wakacheka.

"Anatafuta kitu kidogo. Kitu ambacho mtu hawezi kujua kama hakuwepo."

Nilitaka kuuliza kuhusu mama wa marehemu, lakini mdomo haukufunguka. Mimi ni mtu ambaye hata mahudhurio naitikia kwa kidole. Akauliza mwenzangu wa dawati.

"Mama wa marehemu alisoma kitabu," mwalimu akajibu. "Akaenda kumtemea mate usoni."

"Na mwandishi?"

"Akajifuta. Halafu akaandika na hiyo."

Darasa zima likapasuka kwa kicheko. Tulikuwa bado tunacheka mwalimu wa zamu aliposimama mlangoni, akaninyooshea fimbo. "Wewe wa Newala, chukua mfuko wako uende kwenu. Mjomba wako kapigwa na wananchi, kafa. Wizi wa korosho." Akaondoka. Hakuna aliyecheka tena, lakini wote waligeuka kunitazama, na nilipopita kati ya madawati msichana mmoja alivuta mkoba wake karibu na miguu yake.

Jumapili iliyotangulia mjomba alikuwa Masasi. Alikuja kung'oa jino pale hospitali ya Mkomaindo, akaniletea mihogo ya kuchemsha. Nilimpeleka kwenye mitumba nikamnunulia shati la buluu lenye vifungo vyeupe, kwa hela ambayo mama alinipa ninunue mkebe wa hesabu. Hakuwa na shati lisilo na kiraka.

"Usimwambie mama," nikamwambia. Kwa mjomba nilikuwa na sauti.

"Nimwambie ili iweje? Nitasema nimejinunulia. Bibi yako atasema nimeanza ulevi wa kizungu."

Akalikunja kama alivyofundishwa jeshini, mikono ndani, kola juu, pembe nne kama tofali, akapanda lori nalo kifuani.

Nilifika nyumbani Jumamosi kabla ya adhuhuri. Walikwisha kumzika. Bibi alikuwa ameketi mkekani, miguu ameinyoosha, na hakulia aliponiona. Alinieleza kama anavyoeleza habari za mvua. Tangu wanunuzi binafsi waanze kupandisha malori Newala na chama cha ushirika kiache kuwa mnunuzi pekee, korosho zimekuwa dhahabu, zinaibwa hata juani, na vijana wamegawana zamu za kulinda mikorosho kwa marungu. Lori la mnunuzi mmoja lilikuwa linaondoka alfajiri. Bibi akamtwika mwanawe gunia, awahi.

"Korosho zangu," alisema. "Za mikorosho yangu mimi. Wakamkuta njia panda na gunia gizani, wakapiga yowe."

"Hukuwaambia ni zako?"

"Niliwaambia. Wakasema, mama, pole. Gunia halijarudi."

"Na shati?"

"Alikutwa kifua wazi. Lile jipya alilojinunulia huko Masasi limepotea."

Alilojinunulia. Mjomba alikuwa ametimiza ahadi.

Baada ya alasiri watani walianza kazi yao. Sisi Wamakonde na Wayao ni watani. Msibani kwetu wao ndio wanaochimba kaburi, wanateka maji, wanapika, halafu wanamwigiza marehemu na aibu zake zote, na mfiwa hana ruhusa ya kukasirika. Akitaka wanyamaze anatoa chochote. Mtani mkubwa wa ukoo wetu ni fundi baiskeli anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Tangu nikiwa mdogo ananiita mke wake, nami tangu mdogo namjibu kwa kuangalia miguu yangu. Yeye ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea mjomba.

Akajitwika gunia la pumba. Akapita katikati ya uwanja akinyata, matako nje, macho yakizunguka kama ya paka jikoni. Watu walianza kucheka kabla hajasema kitu.

"Korosho, njooni kwa baba! Msiogope, siku hizi soko huria!"

Mwenzake akamrukia na mwiko. "Mwizi!" Fundi akapiga magoti, gunia likabingirika.

"Jamani maji! Naombeni maji!"

"Maji? Newala?" mwenzake akauliza. "Huyu kweli mwizi, ana tamaa!"

Wanawake walishikana mabega kwa kucheka. Mama yangu mwenyewe alicheka, machozi yakimwagika, kwa sababu mjomba kweli alikuwa anapenda maji na kwetu ndoo moja unaifuata bondeni nusu siku. Nami nilikuwa karibu kucheka.

Kisha fundi akavua shati lake. Alivua taratibu, akiwa bado amepiga magoti, akalikunja: mikono ndani, kola juu, pembe nne. Akaliweka pembeni, mbali na yeye, akalipapasa.

"Jamani, nipigeni mimi," alilia kwa sauti ya mjomba kabisa, "shati msilitie damu. Kaninunulia mpwa wangu."

Kicheko kilikuwa kikubwa kuliko vyote. Mimi masikio yaliziba. Neno lile mjomba hakumwambia mama, wala bibi, wala mtu mwingine. Alilisema mara moja tu, kwa watu waliokuwa wanampiga. Nikamwona yule mama wa Kijapani amekaa kati ya masufuria, anaandika.

Nilimkuta bibi nyuma ya nyumba. "Bibi, fundi alikuwepo."

"Nyamaza."

"Shati nilimnunulia mimi. Hakuna aliyejua. Yeye kajulia wapi?"

Bibi alinishika mkono hadi kucha zikaingia. "Unadhani nina macho ya chupa? Nani hakuwepo? Waliompiga ndio waliomchimbia, na kesho ndio watakaokupikia uji. La utani haliendi barazani. Ukimshitaki mtani kwa utani wake, wa kwetu akifa atazikwa na fisi."

"Kwa hiyo mjomba abaki mwizi?"

Alianza kupepeta mtama uliokwisha kupepetwa.

Nililala kando ya mama nikiwaza neno moja. Mtani wangu ni mtani kwangu, basi nami ni mtani kwake.

Asubuhi ya Jumapili, watani wakigawa uji, nilikwenda kulichukua gunia la pumba. Nikasimama mbele ya fundi, sikumwamkia. Watu wakaona kwamba sikumwamkia, vikombe vikatulia.

"Haya, mke wangu kapata ulimi!" akasema. "Shikamoo umeiacha Masasi?"

Nikachukua mwiko. Nikatembea kama yeye, tumbo mbele, mguu wa kushoto ukiburuta. Kicheko kikaanza. Nikapiga gunia. "Mwizi!" nikasema kwa sauti yake nzito. "Korosho za nani?" Nikajibu kwa ya mjomba: "Za mama." Nikapiga tena. "Shati la nani?" "La mpwa wangu." Nikapiga, nikapiga, pumba zikaruka. Kisha nikavua mtandio, nikaukunja pembe nne, nikaupapasa, nikajifanya fundi anayeangalia kushoto na kulia, nikauingiza kwapani.

Hakuna aliyekuwa anacheka.

"Mtani," nikamwambia, "huu ni utani, usikasirike. Mimi sitaki hela. Lete shati, ninyamaze."

Fundi alitabasamu, akaangalia wenzake. Wote walikuwa wanaangalia uji wao. Mkewe ndiye aliyeinuka kutoka mafigani. Alipita nyumba mbili, akaingia ya tatu, akarudi. Shati lilikuwa limefuliwa, kola bado mbichi, na kifungo kimoja cheupe hakikuwepo.

Bibi alimwita Mungu kwa lugha yetu, "Nnungu wangu," mara moja tu.

Nililivaa juu ya gauni langu, nikakunja mikono iliyonizidi, nikaenda kuketi mkekani kando ya bibi, nikaomba uji. Fundi ndiye aliyeniletea.