Hasidi, Njoo Ule!

Sisi tuliokulia Gede, wa rika langu, hatukununua mbwa. Tulimposa. Ndiyo, kama mchumba, na tuliyemwendea posa ni shangazi yangu Kadzo, kwa sababu mbwa wake jike, Pole, alizaa watoto wakali kwa nyani na wapole kwa watu. Ulikaa kwenye kigoda chake, ukapewa mihogo na chai ya tangawizi, ukahojiwa mpaka jasho likutoke. Atalala wapi? Kivuli kipo? Maji atawekewa na nani mkiwa shambani? Kuna mtu kwenu mwenye mkono wa kurusha mawe? Ukijibu ovyo ulirudi mikono mitupu, hata ungekuwa chifu.

Na hakuwa na haraka. Pole akishazaa alipumzishwa, waje watu na maneno matamu kiasi gani. "Tumbo si shamba la kupandwa kila mvua," akisema. Watoto nao hawakutoka pale mpaka wale uji wa dagaa wenyewe na wajue kucheza bila kuumizana. Daktari wa mifugo akija kuchanja mbwa uwanjani pa shule, tuliacha mdako wetu tukamtazame shangazi, kanga kiunoni, kamba mkononi, akiwa wa kwanza kwenye foleni. Vijana wa leo wanaona mtoto wa mbwa kwenye simu, wanabonyeza, analetwa na bodaboda ndani ya katoni hata kunyonya hajaacha, kisha wanashangaa kwa nini halali. Anamlilia mamake, jamani!

Nilimsumbua mama mpaka akaenda kuposa. Tukapewa dume la rangi ya kahawia, sikio moja jeupe, nami nikambeba kifuani njia nzima, harufu ya maziwa ikinipanda puani. Shangazi alitupa agizo moja la mwisho: kabla jua halijachwa, tumpitishe kwa majirani, wamwone na walijue jina lake.

Mama alikubali kwa mdomo tu. Yeye na Bi Zuhura, jirani yetu wa upande wa pili wa ua, walikuwa wamenuniana tangu kuku wetu wachakure mchicha wake. Basi mama hakumpeleka mbwa popote. Akampa jina Hasidi.

Wapwani mnanielewa. Mwingine ujumbe wake huuvaa kwenye kanga, mwingine huufuga. Mtaani kwetu kulikuwa na mbwa aitwaye Mtasema na mwingine Yenu Macho. Mama alimngoja Bi Zuhura atoke kuanua nguo, akasogea uani na sahani, akapaza sauti: "Hasidi! Hasidi wee, njoo ule! Kwani wewe hushibi?" Sisi watoto tulicheka tukashika mbavu, na mimi nikamsaidia kuita.

Jioni moja Bi Zuhura akaja, buibui lake kalikusanya mkononi lisiguswe na mbwa.

"Hodi."

"Karibu," mama akajibu, macho kwenye sufuria.

"Sikaribii. Mama Sidi, mimi na mbwa mbalimbali, udhu wangu naulinda. Lakini kiumbe wa Mungu sijapata kumdhuru. Sasa mwanangu mkubwa amechoka kusikia mamake akitukanwa, anasema atamtilia mbwa wenu sumu. Wallahi leo nimemkataza. Kesho sijui kama atanisikia."

Akageuka akaenda zake. Sidi ni mimi. Nilimkumbatia mbwa wangu nikalia hadi kwikwi, na usiku nikamficha chini ya kitanda.

Habari zilimfikia shangazi. Alikuja kwa miguu, nikampa shikamoo, hakuitikia. Akamnyanyua mbwa mikononi mwangu. "Wifi, nilikupa roho, wewe umeifanya tusi," akamwambia mama. "Mgomvi ni wewe, lakini sumu ataila huyu. Ukipatana na mwenzio, njoo umchukue. Usipopatana, Mungu yupo."

"Siendi ng'o!" mama akasema shangazi alipotokomea. Akakaa na kiburi chake. Mimi kila nikitoka shule nilipitia kwa shangazi kumwona mbwa wangu, nikirudi nyumbani chakula nikikisukuma pembeni. Hakuna aliyecheka tena. Mwishowe mama akajifunga leso, akapakua mbaazi za nazi, akapiga hodi upande wa pili. Nikamfuata nyuma.

"Bi Zuhura, nimekukosea. Kwa jina lile nilikulenga wewe."

Bi Zuhura akapokea bakuli. "Na mimi kuku wako niliwalaani mpaka mayai yao," akasema. Wakacheka, wakafuta machozi, wakacheka tena. Tulipomrudisha mbwa kutoka kwa shangazi, yeye ndiye aliyempa jina jipya, Salama. Salama akazeeka kwetu, akibwekea wezi wa nyumba mbili, na Bi Zuhura akimrushia vichwa vya samaki kwa mbali, buibui juu, huku akimwita, "Mwanangu."

Shangazi ameshatangulia mbele ya haki. Kazi yake ninayo mimi. Waposaji huja kutoka Watamu hadi Kuruwitu, nami nawahoji vilevile. Vijana hununa: "Shangazi, kwani tunaomba viza?" Nami huwajibu: "Ombeni!"

Juzi nimempeleka mtoto wa mbwa kwa mume na mke vijana huko Kilifi. Nyumba nzuri, watu wazuri. Godoro la mbwa lalishinda langu. Nikauliza lililobaki: "Jirani yenu anaitwa nani?" Mume akamtazama mke. Mke akautazama ukuta, mrefu, umepandwa vigae vya chupa juu. Wamekaa hapo miaka, hawamjui hata kwa sura.

Iliniuma, sisemi uongo. Enzi zetu tuligombana kwa sababu tulisikiana. Aliyeudhika alikuja mlangoni, akasema, ukapata nafasi ya kutubu. Leo mtu atachoshwa na kelele za mbwa nyuma ya ukuta, atanyamaza, na asubuhi mtamwokota mnyama amekauka, msijue hata mumlaumu nani.

"Nendeni mkabishe hodi," nikawaambia. "Mkilijua jina lake, njooni mnieleze."

Wakadhani natania. Nikamrudisha mtoto kapuni, nikaenda naye nyumbani Gede.