Udongo wa Kilima cha Ng'ambo

Mwaka wa 1974, nikiwa na miaka kumi na sita, baba yangu, mfanyakazi wa reli hapa Lubumbashi, alikufa, na mateso yangu yakaanza. Nyumba ilikuwa ya kazi, tukaambiwa tutoke. Mama akatupeleka kwao milimani, kule kaskazini, ambako kila kilima kina shapeli yake, kanisa dogo la matofali walilojenga mababu. Shule niliiacha hapo. Usinionee huruma, mwanangu. Nakuonyesha tu nilianzia wapi.

Kuna siku moja, baada ya miaka kadhaa huko, ninaikumbuka hata nikilala. Kiangazi kilikuwa kinakaribia kwisha. Mvua za msimu uliopita zilikuwa zimeangusha ukuta mzima wa shapeli yetu, na paa likalala chini. Padri alikuwa ametuma neno: akija na mvua za kwanza akakuta hatuna pa kusalia, misa itahamia chini barabarani, na kilima chetu hatakipanda tena. Sisi vijana tungeshuka tukikimbia. Lakini wazee? Kambo Ngoie, mama mzaa mama yangu, magoti yalikuwa yamekwisha. Kwake yeye, barabarani na Ulaya ilikuwa safari moja.

Sasa elewa shida yetu. Kilima chetu kina miti na mawe, lakini udongo wa tofali hakina. Udongo mzuri, ule wa kichuguu, unaoshikana kama bukari, ugali wetu wa huku, uko kwenye kilima cha ng'ambo ya mto. Na mwaka uliotangulia watu wa ng'ambo walikuja kwetu kuomba miti ya paa la shapeli yao. Sisi vijana tuliwacheka, tukawarudisha mikono mitupu. Eti shapeli yetu ilijengwa kwanza, yao ilifuata nyuma! Ndiyo ujinga wa milimani huo, kugombea ukubwa hata mbele ya Mungu.

Basi tukakutana mbele ya ukuta ulioanguka. Mmoja akasema twende tukachimbe kichuguu chao kwa wizi. Mwingine akasema bora kushuka tu barabarani, yaishe. Kambo alikuwa ameketi juu ya vifusi. Halafu akanyoosha fimbo, ikanigusa kifuani.

"Kiburi yenu njo itafunika padri mvua ikinyesha? Weye ulichekaka kupita bote. Njo weye utaenda kuomba."

"Kambo, batanicheka!"

"Bakucheke. Kicheko haiue muntu."

Nilivuka ule mto. Ng'ambo nilimkuta katekista wao, Baba Kalenga, mwanaume mnene mwenye sauti ya ngoma, anasuka kitanda cha kamba.

"Eh, mutoto ya kule! Unatuletea ile miti?"

"Hapana, baba. Ninakuya kuomba udongo."

"Sema nguvu. Bamama ba kule ku muto habakusikia."

Nikasema tena. Akaniambia bado. Nikapiga kelele mpaka kilima kikajibu: "Tunaomba udongo! Na mutusamehe juu ya miti!" Wanawake wakacheka hadi wakaweka ndoo chini. Baba Kalenga naye akacheka, kisha akasimama. "Bon. Udongo iko. Lakini tofali tutafanya pamoja, juu nyiye hamujue kazi."

Mwanangu, ungaliona! Asubuhi yake walivuka wote, na ngoma zao. Tukakanyaga udongo, tukapiga tofali, tukachoma tanuru. Siku ya kupandisha, watu walijipanga mstari kutoka mtoni mpaka juu, tofali ikipita mkono kwa mkono, moto bado tumboni mwake.

"Batu ya kule, munabeba tofali kama mayai!" akapiga kelele binti mmoja wa ng'ambo.

"Na nyiye munaimba kama vyula!" nikamjibu.

Huyo binti ndiye mama ya watoto wangu. Ukuta ulipanda huku tukitukanana na kucheka. Miti ya paa tuliikata mara mbili, yetu na ya kwao. Padri alifika na mvua mabegani, akakuta Kambo ameketi mstari wa mbele, mkavu kabisa.

Ufundi wangu wa tofali nilijifunza kwenye ule ukuta. Niliporudi hapa mjini, kiwanja changu cha kwanza nilikipata kwa kuomba, kwa mdomo huu huu. Watu wanasema nilijitengeneza mwenyewe. Ni kweli, nilitoka jasho, na najivunia. Lakini kila nilipokwama, nilikwenda kwa mtu nikasema nimekwama.

Sasa nasikia ninyi vijana wa vilima vyetu munagombana kwenye telefone: mabati mapya ya paa yaende shapeli gani kwanza? Nyie mumesoma, mimi hapana, lakini sikieni. Anzeni na ya jirani. Ukikosa, omba kwa sauti. Ukiombwa, usicheke. Basi, sina lingine.

Leo niko na nyumba ya vyumba vitano, tanuru mbili njia ya Kipushi, shamba la mihogo, mke mmoja na lori moja kuukuu. Lori iko inapakiwa mabati ya shapeli ya ng'ambo ya mto. Panda, mwanangu, na Mungu wa milima yetu akupe mgongo wa kubeba na mdomo wa kuomba.