Sauti Tisa na kicheko alichokifuta

Saa tatu asubuhi, katika chumba kilichobandikwa trei za mayai ukutani ili kupunguza kelele za barabarani, mwanamume mmoja anaitazama runinga huku ameshika maiki. Kwenye filamu, mtumishi wa kike anafungua mdomo kucheka. Mabega yanatikisika, machozi yanamtoka. Sauti haisikiki.

"Watu wanadhani diski ni mbovu," anasema. "Diski ni nzima. Mbovu ni mimi."

Wateja humwita Sauti Tisa. Ni mtafsiri wa filamu: huingiza maneno ya Kiswahili juu ya yale ya kigeni, na peke yake huwa jambazi, askari, hata mbuzi akihitajika. Kwa miaka kumi na tisa ametafsiri filamu zaidi ya mia mbili. Sauti ya mwanamke tu ndiyo iliyomshinda.

"Nikijaribu, natoka kama jogoo mwenye mafua," anasema.

Kazi hiyo ilikuwa ya mkewe, fundi cherehani wa chumba cha pili, aliyekuwa akija kurekodi na sindano zikiwa bado zimechomekwa kifuani.

Katika filamu zote, waliupenda zaidi mchezo mmoja wa kale wa jukwaani, kichekesho kuhusu tajiri anayejifanya kiziwi ili asikie watu wa nyumbani wanamsema nini. Umetengenezewa filamu mara tatu. Atakayemuuliza tofauti zake atafute kiti kwanza, maana hapo Sauti Tisa hana breki.

"Ya kwanza, ile isiyo na rangi, ni jukwaa lililopigwa picha tu. Mtumishi akigundua kwamba tajiri anasikia, anakimbia, basi. Ya pili ina rangi, na pale anacheka mpaka anakaa chini. Hii mpya haichekeshi mtu. Mtumishi anamwinamia tajiri, anamuuliza polepole, 'Mzee, unanisikia?' Tajiri ananyamaza. Hadithi ni ileile, ndugu mwandishi, lakini hii inauma."

Mkewe aliziingizia sauti filamu zile mbili za kwanza. Walikuwa na maiki moja, wakipokezana, kila kitu kikiingia pamoja. Mwishoni mwa kile kicheko cha filamu ya pili, mke akakohoa. Mume, anayejisifu kwa kazi safi, akakikata kikohozi. Kicheko, kilichoshikana nacho, kikaenda pia, na nakala nyingine haikuwepo; ndiyo maana hadi leo mtumishi yule anacheka bila sauti.

"Nikamwambia usijali mke wangu, ukipona utacheka tena."

Hakupona. Kikohozi kile kilikuwa mwanzo wa ugonjwa, na mwaka juzi alimzika.

Tangu hapo filamu ya tatu imekaa mezani. Kila sauti imo isipokuwa ya mtumishi. Wenye vibanda vya video wamechoka kuiulizia, wengine wamehamia kwa watafsiri vijana. Kibanda kilichokuwa kikijaza watu themanini kwa kazi zake sasa hupata kumi na wawili. Mwandishi huyu alimshauri atafute mwanamke yeyote mwenye sauti nzuri, akajuta papo hapo. Mzee alimtazama kama aliyeambiwa auze kitanda chake cha ndoa.

Binti yake, muuguzi, amejitolea. Kwa wiki mbili baba alikataa.

"Ana sauti ya mama yake," anasema. "Naogopa, sikufichi."

Leo amekubali. Amenunua na maiki ya pili, ili kila sauti iingie peke yake. Binti anavua viatu, anasafisha koo, anasubiri mtumishi ainame.

"Mzee, unanisikia?"

Tajiri hapaswi kujibu.

"Nakusikia, mama," anasema Sauti Tisa, uso ameugeuzia ukutani.

"Baba, hapo si unatakiwa unyamaze?"

"Najua. Tutarudia."

Anataka filamu iwafikie wenye vibanda kabla ya mwezi kuisha, ikiwa na mtumishi wake. Binti ananyoosha kidole kufuta walichorekodi. Baba anamshika mkono.

"Hiyo iache," anasema. "Nyingine tutairekodi pembeni."