Karatasi Nne za Mwezi wa Juni

Kwa muda wa miaka ishirini na sita Arcesio Polanía alichapa kalenda mjini Neiva, na hapakuwa na mtu katika mtaa ule aliyezijua siku kumshinda. Kila Septemba, wenziwe walipokuwa bado wanauhangaikia mwaka uliopo, yeye alikwisha kuingia katika mwaka ujao: aliketi mbele ya meza yake, akazipanga sikukuu za nchi nzima, akazipaka wino mwekundu moja baada ya moja. Aliijua kwa moyo ile sheria iliyoamuru kwamba sikukuu nyingi, hata ziangukie siku gani, watu wazipumzikie Jumatatu inayofuata. Kwa mkono wake mwenyewe alikuwa amewahamisha watakatifu wengi kuliko askofu yeyote. Alikuwa mtu mpole, mwembamba, mwenye wino usiotoka chini ya kucha, na alikuwa na kasoro moja ambayo watu waliidhania kuwa ni adabu: hakuweza kumwomba mtu chochote. Afadhali atembee juani maili mbili kuliko kumwambia jirani mwenye gari, nisogeze.

Mama yake, Bi Ismenia, hakuitambua sheria ile hata kidogo. Aliishi peke yake katika kitongoji kilicho juu ya mji wa Gigante, katika nyumba ya udongo iliyozungukwa na mikakao. Mumewe, Pedro, alifariki mwaka uleule sheria hiyo ilipotungwa, na kabla hajakata roho alimwomba jambo moja tu: kwamba siku ya somo wake Mtakatifu Petro, tarehe ishirini na tisa Juni, isipite bila taa kuwashwa na sahani yake kuandaliwa mezani. Bi Ismenia akaapa. Tangu hapo, kila ilipofika tarehe hiyo, aliwasha taa kabla ya alfajiri, akatoa tanurini nyama ya nguruwe iliyolala katika maji ya machungwa machachu, akaiweka sahani ya marehemu; naye hakutia kitu kinywani mpaka mtu mmoja wa damu ya Pedro aketi kuielekea sahani hiyo.

Watu walipomwambia kwamba siku hizi Mtakatifu Petro ni Jumatatu, aliwajibu, "Serikali inawahamisha watakatifu kama viti vya harusi. Basi na waihamishe siku yao ya kufa, tuone."

Zamani aliyeketi mezani alikuwa dada yake Arcesio. Alipoolewa akahamia Cali, zamu ikamwangukia Arcesio. Mwaka wa kwanza wa zamu yake tarehe ilikuwa Jumanne, na karakana ya uchapaji ilikuwa imefurika kazi, kwa kuwa Juni ndio mwezi wa matangazo ya ngoma na mashindano ya malkia wa urembo. Arcesio akajiambia kwamba mama ataelewa. Alipanda kwenda Gigante Jumatatu ya mapumziko, akamkuta kitandani, na jirani yake Nohemí mlangoni amejishika kiuno.

"Umekuja kula au kuzika?" Nohemí alimuuliza.

"Kuna nini?"

"Kutwa nzima ya Jumanne hakula. Jumatano hakula. Anakusubiri mwana wa mfalme. Nimemwokota jikoni, Arcesio, hapo chini, kijiko mkononi."

Alijutia jambo lile kwa majuto ya kweli, na laiti angeyaacha majuto yamfanyie kazi yake. Lakini aibu ilimpeleka penye hila. Wakati ule macho ya Bi Ismenia yalikuwa yamefunikwa na ukungu. Hakuweza tena kusoma tarehe, wala hakuona tofauti ya mwekundu na mweusi. Arcesio akamtengenezea kalenda ya kuchana, karatasi moja kwa kila siku, zote nyepesi isipokuwa moja tu: ile ya siku ya Petro aliifanya ya kadi nene, ili vidole vya mama viitambue. Mama alifurahi mno. Kila asubuhi alichana karatasi moja, akawashia jiko. Asichokijua ni kwamba, kwa kuwa mwaka ule tarehe iliangukia Jumatano, mwanawe aliingiza kati ya karatasi za Juni nyingine tano zisizo za siku yoyote, ili kadi ifike Jumatatu ya mapumziko. Kisha akapunguza tano Julai, Krismasi isije ikachelewa.

Hakuna aliyegundua. Fataki za sherehe za Juni zililipuliwa majuma mawili mfululizo, na hata mwenye macho mazima hakuweza kujua ni za siku gani. Nohemí naye, kama wote wa rika lake, alisema tu, "Mtakatifu Petro ni Jumatatu," na Bi Ismenia akipapasa kadi yake akajibu, "Safari hii zimeangukiana. Hata saa mbovu husema kweli mara mbili kwa siku." Walikula wakacheka. Arcesio peke yake ndiye aliyeibakiza nyama yake sahanini.

Mwaka wa pili wa hila hiyo tarehe iliangukia Alhamisi, naye akatia karatasi nne.

Jumatatu ya mapumziko, tarehe tatu Julai, alipofika mlangoni harufu ya tanuri ilikuwa imejaa uani na taa ilikuwa ikiwaka mbele ya picha ya baba yake.

"Umechelewa kama padri wa mazishi ya maskini," mama alimkaribisha. "Keti. Nina njaa ya kukutafuna wewe."

Arcesio aliketi, sahani ya marehemu ikimwelekea. Bi Ismenia akajifuta mikono, uso wake umenawiri kama wa bibi harusi.

"Unajua huu ni mwaka wa ngapi?"

"Wa arobaini, Mama."

"Wa arobaini. Padri kasema Jumapili nisimame mbele ya watu anibariki. Sasa nataka unichapie kadi, ile ndogo ya kuweka ndani ya kitabu cha sala. Uandike hivi: Ismenia, mjane wa Pedro Polanía, ameitunza siku ya mumewe miaka arobaini bila kukosa hata moja."

"Kwani lazima iandikwe?"

"Unawachapia malkia wa urembo mapaja yao, mama yako sentensi moja inakushinda?"

"Tuandike tu miaka arobaini. Inatosha."

"Na 'bila kukosa'? Hiyo ndiyo yenyewe, mwanangu. Miaka arobaini kila mtu anaweza kuzeeka."

Arcesio alizitazama kucha zake. Alikuwa amechapa maneno mengi ya uongo maishani: sabuni zisizong'arisha, dawa zisizoponya, wagombea wasiotimiza. Hakuna hata moja lililomtetemesha. Lakini aliiona herufi ya kwanza ya kadi ile ikipangwa na mikono yake, na mama yake amesimama mbele ya madhabahu ameishika, akimshukuru Mungu kwa jambo ambalo mwanawe alimnyang'anya.

"Mama," akasema, "leo si tarehe ishirini na tisa."

"Unasemaje?"

"Leo ni tarehe tatu Julai. Siku ya Baba ilikuwa Alhamisi. Nilizidisha karatasi kwenye kalenda yako."

Mkono wa Bi Ismenia ulikuwa juu ya sahani ya marehemu. Haukuondoka.

"Ngapi?"

"Nne."

"Na mwaka jana?"

"Tano."

Nje jogoo wa Nohemí aliwika mara mbili, akanyamaza.

"Taa imewaka tangu alfajiri," mama alisema. "Inamwakia nani?"

Arcesio aligeuza macho kwenye taa ile.

"Kwa nini ulifanya hivyo?"

"Ulianguka, Mama. Niliogopa usije ukakaa na njaa tena na—"

"Nimepofuka mara moja, usinipofushe mara ya pili. Kwa nini?"

Hapo ndipo alipolitoa lile ambalo hakuwahi kulisema hata katika kitubio.

"Ilinibidi niombe ruhusa ya siku moja kazini. Nikaona haya kuomba."

Bi Ismenia aliinama akaipuliza taa. Aliichukua sahani ya Pedro, akairudisha nyama kwenye sinia kuu kipande kwa kipande, akaifuta sahani kwa nguo yake, akaifungia kabatini. Kisha akarudi, akaketi, akajipakulia.

"Kula," alisema. "Ni chakula cha Jumatatu."

Walikula. Yeye alitafuna taratibu, kama mtu anayetimiza kazi aliyopewa na wengine. Walipomaliza akasema, "Kadi utaichapa. Andika: Ismenia, mjane wa Pedro Polanía, ameitunza siku ya mumewe miaka thelathini na minane. Miwili ilipotezwa na mwanawe, Arcesio."

"Na jina langu?"

"Unaye mwingine nimtaje? Herufi kubwa. Na Nohemí atanisomea, usije ukanichezea."

Kesho yake, katika karakana, Arcesio aliipanga kadi ile bila kupunguza neno. Mwenye karakana, Bwana Baudilio, mzee mwenye tumbo na kikohozi, alipita akaiokota moja iliyokuwa haijakauka wino.

"Huyu mwana mpotevu ni wewe?"

"Ndimi."

Ilimbidi amsimulie yote. Bwana Baudilio alisikiliza miwani ikiwa kwenye paji la uso.

"Siku moja?" akasema. "Arcesio, siku moja tu? Juni hii hii ng'ombe wa mwenzako Wilmer alikuwa anazaa, nikampa siku mbili. Si ungeniambia tu?"

Maneno hayo yalisemwa kwa upole mtupu, wala mzee yule hakujua alichokitenda. Miaka miwili Arcesio alikuwa ameibeba hila yake kama mzigo aliolazimishwa. Sasa aliona kwamba hakuna mkono hata mmoja uliomtwisha.

Jumapili alisimama mlangoni pa kanisa dogo la kitongoji, kama mama yake alivyomwamuru, akimgawia kila mtu kadi kwa mkono wake. Walizisoma, wakamtazama, wakaingia. Padri alimbariki Bi Ismenia kwa miaka thelathini na minane, naye akaitika amina kwa sauti iliyosikika mpaka nje.

Desemba akampelekea kalenda mpya. Mama hakuitundika. Aliiweka magotini, akalowesha kidole, akaanza kuhesabu kwa sauti tangu Januari, karatasi kwa karatasi, na Arcesio ameketi mbele yake, kahawa inampoa mkononi. Alipofika mia moja themanini, ndipo vidole vyake vikagusa ile kadi nene ya siku ya Petro.

"Mtunza kanisa kanihesabia," alisema. "Kabla ya kadi hii karatasi ziwe mia moja sabini na tisa. Moja imezidi."

"Mwaka ujao ni mrefu, Mama. Februari ina siku ishirini na tisa."

"Hata."

"Haki ya Mungu, Mama. Na likizo nimeshaiomba. Nitakuwa hapa siku ya Baba, Jumamosi, tangu alfajiri."

Bi Ismenia alimgeuzia uso wake, macho meupe yakimtafuta pale sauti ilipotoka. Kisha akauelekea ukuta wa jirani.

"Nohemí!" aliita. "Hebu njoo na miwani yako, mama, unisomee Februari!"

Arcesio aliweka kikombe chini, akangoja. Kidole gumba cha mama yake hakikubanduka kwenye kadi ile.