Lita Moja, Kilomita Sita

Saa saba mchana, njia panda ya Nangurukuru. Pikapu nyeupe iliyogeuka nyekundu kwa vumbi imesimama mbele ya mgahawa. Abiria wameshashuka, magunia ya ufuta yameshateremshwa, lakini injini inanguruma na dereva hajatoka kwenye usukani.

Muuza mihogo ya kukaanga anamtania kutoka ng'ambo ya barabara, anamwuliza kama anangoja kufunguliwa mlango kama bwana mkubwa. Dereva anatazama saa ya mkononi. Dakika ya tatu inapotimia, anazungusha ufunguo, injini inanyamaza, naye anashuka akijishika kiuno.

"Ukiizima ghafla ikiwa ya moto, umeiua," anasema Valentini Nalinga, mwenye umri wa miaka 51. "Tabo inazunguka kama pia. Oili ikikatika nayo bado inazunguka, inajisaga yenyewe. Mtu aliyetoka kukimbia humlazi chini papo hapo, unamwacha aheme kwanza."

Tabo ni kile kidude kinachoisukumia injini hewa kwa nguvu ya moshi wake wenyewe. Zamani, Valentini alipoendesha lori la ushirika, kitu hicho hakikujulikana huku. Biashara ilipofunguliwa, magari yakaanza kuteremshwa kutoka Dubai na Japani, na wauzaji wakaja na maneno yao: pikapu yenye tabo inavuta kama trekta na inakunywa matone kama shomoro. Lita moja, kilomita kumi. Wakubwa wakaamini, maana imeandikwa kwenye kitabu cha gari.

Valentini hasemi kwamba kitabu kinasema uongo. Kwenye lami, bila mzigo, huenda lita moja inafika huko. Kazi ni kuipata hiyo lami kati ya Kilwa na Lindi.

"Kwenye mchanga na tope tabo haiamki mpaka uikanyage," anaeleza. "Ukiikanyaga, inakunywa. Usipoikanyaga, umekwama. Kiangazi ukiwa na mzigo inakupa saba. Masika inakupa sita. Aliyeandika kumi hajawahi kuchimbua tairi Mbwemkuru."

Anasema hayo bila kupandisha sauti. Ni mrefu, mkavu, na shati lake lina kishikizo kimoja kilichoshonwa kwa uzi wa rangi nyingine. Alikishona mwenyewe. Mke wake, Stefania, alifariki Aprili 1995, na ukikaa naye nusu saa utaona kwamba habari ya mafuta na habari ya Stefania kwake ni habari moja.

Mwaka 1991 ushirika ulipunguza wafanyakazi, naye akapewa barua na mkono wa kwaheri. Mwaka uliofuata akapata kazi Kilwa Masoko, kwenye mradi mmoja uliokuja na fedha za wafadhili, ambao sasa umefungwa. Mshahara ulikuwa shilingi 28,000 kwa mwezi. Gari lilikuwa pikapu mpya yenye tabo, mikanda ya viti bado imo kwenye nailoni.

Dereva aliyemtangulia aliitwa Lukas. Kosa lake lilikuwa kuandika kweli. Kutoka Masoko mpaka Lindi ni karibu kilomita 190; ofisi ilitoa lita ishirini za kwenda, za kurudi zikitolewa Lindi; Lukas akaandika kwenye kitabu cha safari kwamba gari limekunywa zaidi ya thelathini. Aliitwa ofisini, akaambiwa ananyonya mafuta na kuyauza, akaachishwa kazi wiki hiyo hiyo. Hakuna mkubwa aliyepanda gari akaenda naye kuona.

Madereva wengine wakashika adabu. Wakabuni njia wakaiita kunyoosha kitabu. Unatoka na lita ishirini za ofisi. Njiani unapakia abiria wawili watatu na gunia la mkaa, jambo lililokatazwa. Nauli yao inanunua lita kumi na tatu zilizopungua, kwenye pipa la Fakihi, muuza dizeli ya rejareja hapo Nangurukuru. Ukirudi unaandika ishirini. Ofisi inafurahi, kitabu kimenyooka, gari linaonekana malaika.

Valentini aliishia darasa la pili, na kalamu ilikuwa nzito mkononi mwake. Aliyekuwa akiandika ni Stefania, aliyemaliza la saba kwa masista. Jioni kabla ya kula alikaa mkekani na kitabu cha safari, mumewe akimtajia, yeye akiandika kwa mwandiko wake wa kulala, safi, bila kufuta. Mara nyingine alimcheka. Alikuwa akimwambia kwamba gari lake ndilo pekee mkoani linalokwenda kwa harufu ya dizeli.

Nyumba yao ilikuwa pembeni mwa barabara. Valentini akifika, aliliacha gari lingurume dakika tatu kabla ya kulizima, na Stefania aliposikia tu, aliteka maji ya kuoga. "Nikizima, ndoo iko uani," anasema. "Hakuwahi kukosea."

Jumanne baada ya Pasaka ya mwaka 1995, Stefania akiwa na mimba ya miezi minane, damu ilianza kumtoka. Mganga wa zahanati alisema asicheleweshwe, apelekwe Lindi akapasuliwe. Gari la wagonjwa halikuwepo. Masika ilikuwa imekazana, kivuko cha Rufiji kilikuwa kimesimama siku ya kumi, malori ya Dar es Salaam hayapiti, na dizeli mjini haikuonekana isipokuwa kwenye stoo ya mradi.

Valentini alikwenda kwa mkuu wa mradi. Alipewa gari. "Nisimsingizie, gari hakuninyima," anasema. Bwana stoo, Leonadi, akampimia lita ishirini. Valentini akaomba kumi na tatu zaidi. Leonadi akasema hilo liko juu ya uwezo wake, akamwita mkuu, na mkuu akafungua kitabu cha safari juu ya pipa.

"Valentini, miaka mitatu unakwenda Lindi kwa lita ishirini, kiangazi na masika," akamwambia. "Leo mkeo anaumwa ndiyo gari limepata kiu?"

Kitabu kilikuwa wazi mbele yake. Mwandiko ulikuwa wa Stefania, ishirini, ishirini, ishirini, ukurasa baada ya ukurasa.

Angesema kweli, angejiita mwizi wa nauli na mpakiaji wa mkaa kwenye gari la watu. Alimfikiria Lukas. Akafikiri pia kwamba Fakihi hakosi akiba. Basi akanyamaza, akaweka saini.

"Mdomo ulikuwa huu huu," anasema, akiugusa. "Haukufungwa na mtu."

Nangurukuru aligonga pipa la Fakihi likalia tupu. Fakihi alilipindua, akakamua machicha yakajaa chupa tatu za soda, akakataa malipo. Kurudi Masoko kungekula lita tano. Valentini akasimama pale barabarani mvua ikimpiga, akapima, akaenda mbele.

Nyuma, chini ya turubai, Stefania alilala kwenye godoro, na mdogo wake Brigita akamshika kichwa. Mumewe aliendesha kama anayebeba mayai. Walivuka Mbwemkuru. Kwenye kilima cha tatu baada ya mto, gari likakohoa mara mbili, likazimika. Siku hiyo tabo haikupumzishwa.

Alizunguka nyuma akafunua turubai. Stefania alikuwa macho. Akamwuliza wametembea kilomita ngapi. Mumewe akamwambia mia moja na ishirini na nane. Alikaa kimya mpaka wakadhani amelala, kumbe anagawanya.

"Basi ni sita," alisema. "Baba Consolata, andika sita."

Lori la chumvi lilitokea baada ya muda wa saa nne. Halikuwa na haja ya kukimbia tena. Mama na mtoto walizikwa siku moja.

Mkuu alihudhuria mazishi, akazungumza vizuri sana, akasema mradi umepoteza mzazi. Kwenye taarifa iliandikwa kwamba gari liliharibika njiani. Mwaka mmoja baadaye mradi ulifungwa. Mkuu akapandishwa cheo akahamia Dar es Salaam, na madereva wakaambiwa washukuru kwa kupata uzoefu. Ndivyo mambo yalivyo. Anayekaa kwenye kiti hahesabu tope, na tope halimfuati kwenye kiti.

Sasa Valentini anaendesha pikapu ya Abizer, mfanyabiashara wa Lindi anayenunua ufuta na korosho vijijini. Siku ya kwanza alimwambia tajiri wake kwamba ataandika kile gari linachokunywa, na kama hapendi, amwambie mapema akatafute kibarua cha kupalilia.

Abizer alidhani ni mbinu mpya ya wizi. Alivaa kanzu yake nyeupe, akachukua ufito wa kupimia tanki, akapanda naye kwenda Mitole na kurudi. Walikwama mara tano, na mara ya tano tajiri alisukuma.

"Nilirudi Lindi mke wangu Aliza hakunitambua," anasema Abizer. "Nikapima kwa mkono wangu. Sita na kidogo. Tangu hapo mzee akiniandikia sita, nalipa sita. Yule aliyeniuzia gari ndiye namtafuta."

Daftari hilo Valentini analiandika mwenyewe. Alijifunza tarakimu upya uzeeni, na sita zake nyingine zimelala chali. Lina safari 94, kila moja na mzigo wake, hali ya njia na lita zilizonywewa.

Mwezi uliopita alilibeba akaenda nalo ofisi ya wilaya, Kilwa Masoko. Alisikia kwamba litaletwa gari jipya la wagonjwa, pikapu yenye tabo, na kwamba kikao kinapanga mgawo wake wa dizeli. Alikaa kwenye benchi toka asubuhi hadi adhuhuri. Kijana wa ofisini alimwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba, akakabidhi daftari. Kijana akalipekua, akatabasamu, akamwuliza mzee kama kuku ndio waliomwandikia.

Kisha akamweleza kwa upole kwamba mgawo umeshapatikana. Wakubwa hawakubuni, walitafuta kumbukumbu za hapa hapa. Akafungua kabati, akamwonyesha kitabu cha mradi uliofungwa: miaka mitatu ya safari za Lindi, lita ishirini, mwandiko safi, bila kufuta.

Valentini aliutambua mwandiko kabla hajaona jalada. Aliinuka akatoka, akaisahau kofia yake kwenye benchi.

Kikao cha mwisho ni Alhamisi ijayo. Mgawo ukipitishwa hivyo, gari la wagonjwa litatoka Kilwa kwenda Lindi na lita ishirini, na kila dereva atajua la kufanya: atanyoosha kitabu au atakwama. Mgonjwa hapakii mkaa.

Mwezi ujao ni Aprili. Binti yake, Consolata, mwenye miaka 22, ameolewa Mitole, naye ana mimba ya miezi minane.

Kwa miaka miwili Consolata alijua lile la taarifa, kwamba gari liliharibika. Baba yake hakumwambia. Brigita naye aliona si lake kusema. Lakini mtu hawezi kusimama mbele ya kikao akatangaza uongo wake na mwanawe aupate sokoni. Ndiyo maana leo pikapu haiishii Nangurukuru.

Saa tisa na nusu inafika Mitole, inasimama kando ya nyumba ya Consolata. Dakika tatu zinapita, zinapita tano, inakwenda ya nane. Injini inanguruma tu. Valentini amekamata usukani kwa mikono miwili.

Consolata anatoka uani, anatembea taratibu, mkono kiunoni. Anainama dirishani.

"Baba, maji yatapoa," anasema.

Valentini anazima. Anamwambia pale pale, mlango ukiwa wazi, kwa maneno machache: lita ishirini, Lukas, mkaa, pipa la Fakihi, nani aliyeandika, nani aliyenyamaza. Consolata anasikiliza akichora chini kwa kidole cha mguu. Anaponyanyua uso umelowa. Anauliza jambo moja, kama mama yake alijua kilichowakwamisha.

"Alijua kabla yangu," Valentini anajibu. "Alipiga hesabu amelala."

Binti anaingia ndani, na baba yake anabaki ameketi, asijue kama amefukuzwa. Consolata anarudi na kalamu. Anachukua daftari kutoka kwenye dashibodi, anaketi kizingitini na tumbo lake, anafungua ukurasa mpya, anamwambia ataje kuanzia safari ya kwanza, atalinakili lote kwa mwandiko unaosomeka. Alisoma kwa masista wale wale. Mwandiko wake unalala.

Wakifika safari ya kumi, Valentini anasita. Anasema Alhamisi huenda wakamkamata, huenda wakamcheka wakamrudisha benchi; hao watu hajawahi kuwaona wakiaibika. Ila ataingia na daftari, ataomba kile kitabu cha kabatini kiwekwe kando yake, ataonyesha ule uongo ni wa nani, kisha atawapa ujumbe aliotumwa.

"Nimechelewa miaka miwili kuufikisha," anasema. "Nitawaambia waandike sita."